Nafasi Ipitayo na Kishawishi Kirudicho

 

Jambo tulilokusudia kuwaeleza leo ni la kale, wala si geni kwa mtu yeyote. Ni habari ya kishawishi na habari ya nafasi njema. Yote mawili humjia mtu ghafula, na yote mawili humwambia, "Inuka, ushike." Tena mara nyingi huja yamevaa nguo za namna moja, hata mtu mwenye akili asijue ni lipi alilolifungulia mlango. Wengi wetu tumekwisha kuvikaribisha vishawishi tukidhani ni bahati, na wengi tumezifukuza bahati zetu tukidhani ni usumbufu.

Wazee wetu walituachia methali ambazo kwa mtu asiyefikiri huonekana kama zagombana. Upande mmoja walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na tena, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", na tena, "Udongo uwahi ungali maji." Upande wa pili walisema, "Haraka haraka haina baraka", na tena, "Tamaa mbele, mauti nyuma", na tena, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Siku moja, tulipokuwa tukifundisha methali hizi katika chuo cha ualimu, kijana mmoja alisimama akatuuliza: "Mwalimu, wazee wanatuambia twende mbio, na wazee hao hao wanatuambia tuende polepole. Tuwasikilize wapi?"

Swali hilo lilitukuta hatuna jibu. Tulimwambia kwamba kila methali ina mahali pake, kisha tukageukia ubao tukaendelea na somo. Jibu lile lilikuwa la kukwepa, naye alilitambua, maana aliketi polepole bila kushukuru. Basi mazungumzo ya leo ni kulipa deni tunalodaiwa na kijana yule.

Sisi twatoka Makanyagio, ambayo ni kata mojawapo ya mji wa Mpanda, katika mkoa wa Katavi. Neno lenyewe, kama mjuavyo, latokana na kukanyaga. Na kweli nyayo nyingi zapita kwetu. Utamkuta Mbende na Mkonongo, Mpimbwe na Mfipa, Msukuma na Muha, kila mmoja amekuja na haja yake: huyu auza mchele, huyu atafuta kazi, huyu asikiliza habari za dhahabu. Mahali panapopita watu wengi hupita maneno mengi pia. Asubuhi mtu atakuambia kwamba katika kilima fulani dhahabu imeonekana, na mwenye kutoa fedha leo ndiye atakayegawiwa. Adhuhuri mwingine atakuletea baiskeli nzuri kwa bei ndogo, naye hataki kuulizwa aliipata wapi. Jioni msichana wa shule ataahidiwa zawadi na mtu aliyemzidi umri mara mbili, ambaye amwambia asimweleze mama yake. Wote hao, ijapokuwa hawajuani, husema neno moja: "Leo. Kesho utakuta pameisha."

Nasi tumekwisha kuona ya kuwa kishawishi kina dalili moja kubwa: husema kwamba kinapita, nacho hakipiti. Mwenye kukuita kwenye pombe atakuambia kwamba siku kama ya leo haitapatikana tena. Lakini usipokwenda leo atakuita kesho na kesho kutwa, na mwaka ujao utamkuta pale pale na maneno yale yale. Ukiikataa baiskeli ya wizi leo, mwezi ujao italetwa nyingine. Kishawishi hakichoki kurudi, kwa sababu hakipungukiwi na kitu.

Nafasi njema sivyo ilivyo. Yenyewe hupita kweli, lakini haina kelele. Mvua ya kwanza haibishi hodi mlangoni. Umri ule ambao mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi haupigi ngoma siku unapoondoka. Mzee ajuaye habari za ukoo, na miti ya dawa, na mipaka ya mashamba, haji nyumbani kwako kukuambia, "Niulize leo, maana mwezi ujao nitakufa." Hukaa kimya kivulini, nawe wapita na kusema, "Nitakuja kumsikiliza nipatapo nafasi," hata siku moja wasikia kilio.

Hatusemi kwamba dalili hii haikosei kamwe. Ziko nafasi njema zinazotangazwa kwa baragumu, na viko vishawishi vinavyokuja kimya kama nyoka. Lakini mara nyingi ndivyo mambo yalivyo: kinachopiga kelele ya "haraka" chaweza kungojewa, na kile kilicho kimya ndicho cha kukimbiliwa.

Mtu asidhani kwamba haraka ya namna hii huwashinda watu wasiosoma peke yao. Tukumbuke kisa kilichotokea katika nchi hii hii. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya chakula. Mwaka 1946 wajumbe walitumwa kuja kutazama kama karanga zaweza kulimwa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wakazunguka muda wa majuma tisa tu, kisha wakaandika taarifa yao. Shauri likawa kulima eka zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, na baadaye ikafuata Urambo, ambayo si mbali na kwetu, na Nachingwea upande wa kusini.

Haja ilikuwa ya kweli, maana watu walikuwa wana upungufu wa chakula. Walakini haraka ilikataa kuulizwa maswali. Udongo wa Kongwa haukupimwa vya kutosha. Masika yalipokwisha ukakauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zisichimbike. Mvua nayo haikuja kama ilivyotumainiwa, na Wagogo walikuwa wakiujua ukame wa nchi yao tangu kale. Mengi katika matrekta yalikuwa yamekwisha kutumika mahali pengine, yakavunjika mbele ya visiki na mizizi. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa pauni milioni 36 hivi. Kama majaribio madogo yangalifanywa kwanza, misimu miwili au mitatu, hasara hiyo ingalionekana mapema, ingali ndogo. Mafuta yaliyotakiwa kwa haraka hayakupatikana hata kwa haraka wala kwa polepole.

Sasa tutazame kisa cha pili, cha kwetu Mpanda hasa. Mwaka 1934 madini ya risasi yaligunduliwa katika sehemu hizi, pamoja na dhahabu na fedha kidogo. Baadaye machimbo yakafunguliwa, na ili kuyachukua madini mpaka pwani, tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilometa 210 hivi, kupita katikati ya mapori. Reli hiyo ikafunguliwa mwaka 1950. Kwa macho ya watu wa siku zile, nani angalifikiri kwamba kazi kubwa namna hiyo ni ya muda mfupi? Lakini mwaka 1960 machimbo yakafungwa. Miaka kumi tu tangu gari la moshi la kwanza, na milango ya kazi ile ikawa imefungwa.

Hapakupigwa tarumbeta kuwaambia watu, "Miaka yenu kumi yaanza leo." Mshahara ulikuja mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi ulifanana na mwingine. Hivyo ndivyo nafasi ipitavyo: mtu aliye ndani yake huiona kama hali ya siku zote. Mawe yalikwisha, lakini reli ilibaki, na kwa miaka mingi imechukua abiria na mazao. Nasi twapenda kuwauliza wanafunzi swali hili: katika fedha upatayo, na katika miaka uliyopewa ya kukaa darasani, ni kipi kilicho jiwe litakalokwisha, na ni kipi kilicho reli itakayobaki?

Twajua baadhi yenu mtasema: kama nafasi haina kelele, tutaitambuaje? Jibu la kwanza lapatikana kwa mkulima. Kwetu mvua huanza mwezi wa Novemba hivi na kwisha Aprili. Mkulima mwema hangoji mawingu ndipo anoe jembe. Wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na majirani wamelala kivulini, yeye afyeka, achoma takataka kwa hadhari, achagua mbegu na kuzihifadhi pasiingie wadudu. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, alfajiri yu shambani. Jirani yake naye aliiona mvua ile ile. Lakini asubuhi ile ndiyo aanza kutafuta mpini. Wote wawili waliletewa nafasi moja, na aliyeishika ni yule aliyekuwa amekwisha kuitengenezea mahali. Kwa hiyo haraka ya mkulima mwema si pupa. Ni matunda ya polepole yake ya miezi mitano.

Jibu la pili lapatikana kwa mfuga nyuki. Wakonongo na wenzao wa mapori yetu ni mabingwa wa asali tangu zamani, na mizinga yao ya magome ya miti mwaweza kuiona juu ya miti. Asali ina majira yake. Ukichelewa, wengine wataila kabla yako. Mfuga nyuki basi hana budi kuwahi. Lakini akiisha kupanda mtini na moshi wake, ndipo kishawishi humnong'oneza: "Chukua yote. Usipochukua wewe, atachukua mwizi." Mjinga hukata masega yote, yenye asali na yenye watoto wa nyuki pia, na nyuki wakiisha kuharibiwa nyumba yao huhama. Mwenye busara huchukua masega yaliyoiva, huacha ya watoto, hushuka. Mwakani hurudi akawakuta. Hapo twaona jambo la kuangaliwa sana: nafasi na kishawishi vilikuwa ndani ya mzinga mmoja, saa moja, mkono mmoja. Tofauti ilikuwa ni kujua pa kukomea.

Twende sasa kwa habari ya Yusufu, inayojulikana na Wakristo na Waislamu pia. Kijana huyu, aliyeuzwa na ndugu zake, alipata majaribu ya nyumba ya bwana wake, na mke wa bwana yule akamshika nguo. Yusufu hakusimama kujadiliana. Aliiacha nguo akatoka mbio. Alilipwa gereza kwa wema wake. Miaka ikapita, ndipo siku moja akaitwa kwa ghafula mbele ya Farao. Akanyolewa, akavikwa nguo nyingine, akaulizwa maana ya ndoto. Angaliweza kueleza ndoto tu na kunyamaza. Lakini akiisha kueleza, akatoa na shauri la kuweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya shibe, kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Saa ile ilikuwa fupi, wala hakuitwa mara ya pili kuulizwa. Mtu huyo huyo alijua kukimbia na alijua kusimama. Twadhani kwamba asingaliikimbia nyumba ile, asingalikuwa na moyo wa kusimama mbele ya kiti kile.

Hata katika mkoa wetu yupo wa kumtaja. Kule Karema, kando ya ziwa Tanganyika, alikaa mganga aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa katika miaka ya 1860 mbali sana na sisi, karibu na mto Niger, katika Afrika ya Magharibi. Akiwa mtoto mdogo alitekwa akauzwa utumwani, akavushwa jangwa. Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria, wakamsomesha, na baadaye akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, na hapo akatibu wagonjwa mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 65.

Fikirini mtoto aliyenyang'anywa nchi yake na wazazi wake. Alipofunguliwa mlango wa shule, angaliweza kukaa na uchungu wake tu, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alijifunza. Na alipokwisha kuwa na elimu ambayo wachache walikuwa nayo, aliitumia miaka yote katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa. Nafasi aliyoipata yeye mara moja, akawa akiwapa wengine kila siku, asubuhi baada ya asubuhi.

Sasa, wasikilizaji wetu, si haki tuwasifu Yusufu na Atiman, tuwacheke wenye mpango wa karanga, kisha tujifiche nyuma yao. Tuna kisa chetu wenyewe, nacho ndicho kilichotufundisha dalili ile tuliyowaambia.

Zamani kabla hatujaitwa chuoni, tulikuwa tukifundisha shule ya msingi. Katika darasa la saba alikuwako mvulana mmoja mpole, hodari sana wa hesabu. Hesabu za riba na za vipimo alizifanya kichwani, wenzake wakiwa bado wanachonga kalamu. Jioni moja, jua likikaribia kutua, alikuja nyumbani kwetu akasimama nje ya ua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna habari gani?"

"Njema, mwalimu. Nimekuja kukusalimu tu."

Tuliona kwamba halikuwa neno lake lote, maana mtoto hatembei mwendo mrefu jioni kuja kutoa salamu aliyokwisha kuitoa asubuhi. Lakini wakati ule ule alikuwako barazani mtu mmoja mwenye maneno matamu. Alikuwa ametuletea habari ya shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji huliita duara, kwamba imebaki hisa moja tu, na kwamba daftari la majina litafungwa usiku ule. Sisi tulikuwa tumeweka akiba ya kuezeka nyumba kwa bati. Moyo wetu ulikuwa umekwisha kuondoka pale barazani. Tukamwambia mtoto, "Vema, njoo kesho tuzungumze." Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake. Nasi tukaingia ndani kutoa fedha.

Kesho yake kiti chake darasani kilikuwa kitupu. Alfajiri ile alikuwa ameondoka na mjomba wake kwenda machimboni.

Duara lile halikutoa kitu. Hilo si ajabu, na hasara ya mabati twaweza kuicheka sasa. La ajabu ni hili: baada ya majuma matatu, mtu yule yule alirudi barazani petu. Alikuwa na shimo jingine, na hisa nyingine iliyobaki moja tu, na daftari jingine litakalofungwa usiku ule. Ndipo tulipofahamu kwamba usiku ule wa kwanza haukuwa na haraka yoyote. Tungaliweza kumwambia yeye, "Njoo kesho," naye angalikuja. Tulimwambia maneno hayo asiyestahili kuambiwa.

Miaka miwili baadaye tulikutana na kijana yule sokoni, akichukua magunia. Alikuwa ametuzidi urefu, na mikono yake ilikuwa migumu kama ya mzee. Alitusalimu kwa adabu ile ile. Tukamwuliza kwa nini aliacha shule bila kuaga. Alitazama chini kidogo, akasema, "Mwalimu, jioni ile nilikuja kukuomba useme na mjomba. Alikuwa akikuheshimu. Nilidhani ukisema wewe ataniacha nimalize." Kisha, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, akaongeza, "Lakini ulikuwa na mgeni."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulimwomba radhi pale pale, katikati ya magunia na watu, naye akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Lakini mambo mengine husameheka bila kurudi. Tulimtafutia masomo ya jioni. Alihudhuria siku chache, kisha kazi na uchovu vikamshinda. Leo ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Jambo moja twaliona na kulishukuru: alipohamia mjini na dada yake mdogo, kila asubuhi alikuwa akimleta mwenyewe mpaka mlangoni pa shule, hata siku za mvua, na hakuondoka mpaka amwone ameingia darasani. Hakuwa akingoja kuambiwa. Yeye alijua vema kuliko sisi kitu gani kinapita.

Tokea siku ile tumejiwekea desturi mbili ndogo, nasi twawapa ninyi mzijaribu. Ya kwanza ni hii: mtu akituletea jambo la fedha au la siri na kusema lazima liamuliwe usiku huu, twamwomba usiku mmoja wa kulala, na ruhusa ya kumweleza mtu mmoja atupendaye. Jambo jema halikatai hayo mawili. Akikataa, amekwisha kutujibu. Vishawishi vya mwili, hata hivyo, havipewi usiku wa kulala wala havijadiliwi. Hivyo dawa yake ni ile ya Yusufu, kuiacha nguo na kukimbia. Ninyi wasichana, mtu akikupa kitu na kukuambia usimwambie mama, mwambie mama siku hiyo hiyo, kabla chakula cha jioni hakijaiva. Na sisi wanaume tulio wazima twapaswa kuona haya kwamba mtoto anahitaji kufundishwa kujilinda na watu wa umri wetu.

Desturi ya pili ni hii: mtu akija kimya, hasa mtoto, hasa jioni, hasa akisema amekuja kusalimu tu, twaweka chini kila kitu tulichokishika. Twamkaribisha aketi. Twangoja mpaka salamu iishe na neno lenyewe litoke. Mara nyingine kweli ni salamu tu, nasi hatupotezi chochote ila dakika kumi. Mara nyingine si salamu.

Nanyi wazee wa nyumba, mkulima hanoi jembe kwa ajili ya mvua peke yake. Fedha za mahitaji ya shule ziwekwe wakati wa mavuno, zikiwa mkononi, si wakati mtoto amekwisha kupungukiwa. Mgonjwa apelekwe kwa mganga homa ingali changa. Mwenye baba mzee aende akamwulize leo mipaka ya shamba na majina ya babu zake, ayaandike katika daftari. Ugomvi na ndugu upatanishwe wakati wote wawili wangali hai. Hakuna hata moja katika mambo hayo litakalokuja kukubishia hodi na kusema, "Haraka."

Basi, kijana uliyetuuliza siku ile darasani, kama unatusikiliza mahali ulipo, hili ndilo jibu tulilokuwa hatuna. Wazee hawakugombana. Waliposema "Haraka haraka haina baraka", walikuwa wamemwona yule mtu wa barazani na daftari lake. Waliposema "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", walikuwa wamemwona mtoto aliyesimama nje ya ua. Jioni moja inaweza kuwaleta wote wawili, na kazi ya mtu mzima ni kujua ni nani kati yao wa kuambiwa, "Njoo kesho."

Dakika tulizopewa zimekwisha, nazo pia hazirudi.